Kazi ya Njumu na Vyombo vya Anasa



Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani hapa Madale na sasa fundi seremala, alinijia na swali. Kazi yake ni makasha ya kupigiliwa njumu za shaba. Tajiri mmoja amemwagiza kisanduku cha vito na vikombe vya mpingo, vyote vitiwe njumu ya fedha, viwe tunu ya harusi. Malipo yake ni makubwa. Akaniuliza: "Maalim, nikubali au nikatae?"

Kazi hii si ngeni kwetu watu wa pwani. Milango ya Unguja na makasha ya maharusi yana athari kubwa ya mafundi wa Bara Hindi. Huko kwao, katika mji wa Bidar, iko kazi mashuhuri iitwayo bidri, iliyostawi tangu enzi za masultani wa Bahmani. Chombo husubuwa kwa zinki na shaba kidogo, kikachorwa kwa patasi, na nyuzi za fedha zikagongomewa ndani ya michoro. Kisha hupakwa udongo wa ngome ya kale ya mji huo. Zinki hugeuka nyeusi tititi, na fedha hubaki iking'ara. Zamani walitengeneza buli za buruma na vijaluba vya tambuu. Leo wanatengeneza vifungo vya mashati na mapambo ya mezani. Mwaka 2023 Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri fundi wao, Shah Rasheed Ahmed Quadri. Basi kuibadili sanaa ifuate wakati si aibu. Ndiyo njia ya kuihuisha.

Ama hukumu yake, Mtume (s.a.w.) amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba kikombe chake Mtume kilipovunjika, kiliungwa kwa fedha. Kwa hiyo wanavyuoni wetu wa Kishafii wamepambanua: kiungo kidogo cha fedha kwa haja hakina ubaya, kikubwa kwa pambo tu ni haramu. Shaba haimo katika katazo hilo, na imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa maji ya chombo cha shaba.

Nikamwambia: "Mwanangu, mshauri atie shaba kotekote. Juu ya mpingo nayo hupendeza."

Alikwenda. Tajiri alikikubali kisanduku, vikombe akavikataa, na nusu ya malipo ikapotea. Kijana aliporudi hakuwa na furaha, wala sikumlaumu, kwani ana watoto watatu.

Nami nilikumbuka kasha la marehemu mama yangu, tulilomuuzia mchuuzi kwa bei ya kuni kwa kuwa tuliliona limepitwa na wakati. Enyi wazazi, mkiwa na haja ya tunu ya arusi, mtafuteni fundi kama huyu kabla ya kukimbilia dukani. Aliyeiacha fedha kwa ajili ya Mola wake asiachwe na ndugu zake.

Wabillahi Tawfiq.