Aibu ya mitandaoni haitamalizwa na faini pekee

Mnamo Septemba 2019, wakazi wa Bomet walipigwa na butwaa msichana wa umri wa miaka 14 alipojitoa uhai. Mamake alieleza kuwa mwalimu alimwita mchafu na kumfukuza darasani baada ya sare yake kuchafuka akiwa katika hedhi. Wazazi waliandamana, na polisi wakawatawanya kwa vitoza machozi.

Hakuna simu iliyotajwa katika kisa hicho. Yalitosha maneno yaliyosikiwa na darasa moja. Leo hii, dhihaka kama hiyo ikiandikwa katika kundi la WhatsApp la kijiji, huwa imefika Litein, Sotik na Kericho kabla ya majani chai ya asubuhi kupimwa kituoni. Anayedhihakiwa hana pa kujificha, kwani wanaoisoma ni majirani, wanafunzi wenzake na hata mnyapara wa mzazi wake.

Wakazi wa eneo hili wanaujua uzito wa ujumbe wa simu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, arafa za chuki zilisambaa nchini, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai kutoka jamii nyingine walilazimika kutoroka Kericho. Baada ya ghasia hizo, Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa mwaka wa 2008. Hata hivyo, sheria hiyo ililenga chuki za kikabila. Haikumlenga mtoto anayechekwa na wenzake.

Pengo hilo lilitarajiwa kuzibwa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni anaweza kutozwa faini ya hadi Sh20 milioni, kufungwa hadi miaka 10, au adhabu zote mbili. Ajabu ni kwamba anayesambaza picha za utupu za mtu mwingine, kosa linalowaumiza hasa wasichana, hukabiliwa na faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia sahihi mabadiliko yaliyopanua kosa la unyanyasaji ili lijumuishe ujumbe unaoweza kumsukuma mtu kujitoa uhai. Kabla ya mwezi huo kuisha, Mahakama Kuu ilikisimamisha kwa muda kifungu hicho, kufuatia kesi ya wanaharakati waliohofia kuwa kingetumiwa kuwanyamazisha wakosoaji wa serikali.

Hofu hiyo haikukosa msingi. Mwaka wa 2016, mahakama iyo hiyo ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi, ilhali watu walikuwa wakishtakiwa kwacho kwa yale waliyoandika mitandaoni.

Ni dhahiri, basi, kwamba sheria kali isiyo wazi huweza kumtisha mkosoaji na bado ikachelewa kumfikia mtoto wa Bomet. Kesi huchukua miezi. Aibu husambaa kwa dakika.

Kwa sababu hiyo, jukumu la kwanza ni la yule anayeupokea ujumbe. Asipoutuma kwingine, unakomea kwake. Msimamizi wa kundi naye ana uwezo wa kuufuta na kumwondoa aliyeuleta.

Aidha, mzazi asikimbilie kumcharaza mtoto au kumpokonya simu, kwani atamfunza kuficha dhiki yake siku nyingine. Amsikilize, ahifadhi nakala ya ujumbe pamoja na nambari na tarehe, kisha apige ripoti kwa polisi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika enzi hii ya simu, kidole ndicho ulimi.