Talaka Imetoka, Majina Je?

Watu wa Kakamega, leo nazungumza na wale ambao ndoa zao zimekwisha: mwalimu wa Shinyalu, mkulima wa miwa wa Kabras, mama wa mitumba pale Masingo, karani wa kaunti. Nani alimkosea nani, hilo mmeshalimaliza au mtalimaliza wenyewe. Ombi langu ni jingine. Kabla mwezi huu haujaisha, nendeni mkaangalie ni jina la nani limeandikwa kwenye karatasi zenu.

Korti ikivunja ndoa, imevunja ndoa tu. Hakimu hampigii simu karani wa Sacco, wala nakala ya hukumu haijipeleki yenyewe kwa mwajiri wako au kwa msajili wa ardhi. Hata mali mliyochuma pamoja haigawanywi na amri ya talaka peke yake; hiyo ni kesi nyingine, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Watu wengi hutoka mahakamani wakidhani wamemaliza, kumbe ndiyo kwanza wameanza.

Chukua fomu ya Sacco. Ni karatasi moja. Juu kuna jina lako na namba ya uanachama. Katikati kuna safu za jina la mrithi, namba ya kitambulisho, uhusiano na asilimia. Chini kuna nafasi ya sahihi za mashahidi. Uliijaza siku ya kujiunga, pengine umesimama, karani akikuharakisha, ukaandika jina la mkeo au mumeo na kando yake 100. Fomu ikaingia kwenye faili. Tangu hapo umekopa, umelipa, umenunua hisa zaidi, umetalikiana, na huenda umeoa au kuolewa tena. Fomu bado iko palepale. Sheria ya Vyama vya Ushirika inaruhusu chama kumkabidhi aliyetajwa hisa za mwanachama aliyefariki, na Mahakama Kuu imeshasema kwamba fedha zenye mrithi aliyetajwa hazihesabiwi katika mali ya marehemu inayogawanywa kwenye kesi ya mirathi. Kwa hiyo mama yako mzazi anaweza kulia mbele ya kaunta hadi jioni na karani asiwe na la kumsaidia.

Pensheni ni hivyo hivyo. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinaziweka fedha hizo nje ya mirathi. Wadhamini hulipa kwa kanuni za mfuko, na kitu cha kwanza wanachokifungua ni fomu yako. Ukitoka hapo pitia bima ya maisha, bima ya kikundi ya kazini, na orodha ya wanaokutegemea kwenye bima ya afya ya SHA. Kama uliwahi kumpa mwenzako hati ya uwakilishi ili akuuzie shamba au akusainie benki, ifute kwa maandishi, na kama ilisajiliwa, msajili naye aarifiwe.

Kuhusu wosia, sheria yetu ina jambo linalowashangaza wengi. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, inasema kwamba ukioa au kuolewa, wosia uliouandika kabla yake unafutika, isipokuwa uliuandika ukiitarajia ndoa hiyo. Kuhusu kuachana, kimya. Uingereza walishaweka kwamba mtalaka ahesabiwe kama aliyetangulia kufa. Hapa kwetu, kama wosia wa zamani unamtaja mtalaka wako kuwa mrithi na msimamizi wa mali, utasomwa hivyo hivyo ulivyo. Kuufuta ni kazi yako: andika mwingine unaotamka kwamba wa kwanza umefutwa, uweke sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na wasiwe watu unaowaachia kitu. Na yale uliyotamka mbele ya ukoo wakati wa Krismasi, watu wote wamerudi nyumbani? Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na unasimama tu ikiwa msemaji atafariki ndani ya miezi 3. Ukiishi mpaka Pasaka, yamekwisha.

Lakini panaponitia hofu zaidi ni shamba. Fanya serchi katika ofisi ya ardhi uone mmesajiliwaje. Kuna wenye hati ambayo kila mmoja ana fungu lake, na kuna wenye umiliki wa pamoja usio na mafungu. Katika huu wa pili, mmoja akifa, msajili akipelekewa cheti cha kifo hufuta jina la marehemu, na shamba zima linakuwa la aliyebaki. Wosia hauligusi, hata uwe umeandikwa na wakili bingwa. Daftari la ardhi halina habari za talaka. Watoto uliozaa baadaye watajikuta wanaanza kesi juu ya udongo wanaolima kila msimu. Mkikubaliana mafungu, au korti ikiamua, amri ile ipelekwe ikasajiliwe. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ya kilimo, kulipasua shamba kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Inachukua muda. Ndiyo sababu nasema anza sasa.

Kuna wengine ambao hawajafika hata kortini. Mke alirudi kwao, ng'ombe wakarudishwa, kila mtu akashika njia yake, na kijiji kizima kinajua mmeachana. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, hata ndoa ya kimila huvunjwa na korti. Bila amri hiyo bado mna ndoa, na kifo kikija ghafla, sheria humtanguliza mwenzi aliyebaki hai kati ya wanaoweza kupewa usimamizi wa mirathi. Halafu chifu ataombwa barua ya kuwataja warithi, na hapo ndipo familia mbili hugongana kabla hata matanga hayajaanuliwa. Jaji William Musyoka, aliyeandika kitabu kizima juu ya sheria ya mirathi, alikaa Mahakama Kuu ya Kakamega miaka kadhaa, na hukumu zake kutoka hapa zimejaa ugomvi wa namna hii.

Kubadilisha jina si kulipa kisasi. Unaweza kuamua mtalaka wako abaki na kitu, hasa kama ndiye anayelea watoto. Basi liandike hilo upya, kwa tarehe ya leo, lijulikane ni uamuzi wako na si usahaulifu. Ukiwataja watoto walio chini ya miaka 18, mtaje pia mtu mzima wa kuwashikia fedha. Ndugu Waislamu wa Mumias wana mafungu ya mirathi yaliyokwisha pangwa na dini, na Kadhi atawaongoza. Hata hivyo fomu ya Sacco ni ile ile, nayo iangaliwe.

Viongozi wa Sacco, nanyi nawaomba: kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wekeni meza moja ya fomu za warithi karibu na ile ya soda. Maofisa wa utumishi, mtumishi akileta barua ya kubadilisha hali ya ndoa, mpeni fomu nyingine hapo hapo. Machifu na wachungaji, mnayajua mapema kuliko korti; nong'onezeni. Asiye na pesa za wakili aulize Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, au FIDA, chama cha mawakili wanawake, ambao wana ofisi Kisumu.

Na ukiijaza fomu mpya, usiondoke kaunta mpaka nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia mandazi.