Hoteli za Venice: Mgeni amekuja, mwenyeji hakupona

MGENI anayepanga kuuzuru mji wa kale wa Venice, nchini Italia, hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: alale wapi? Kwa miaka mingi swali hilo lilihesabiwa kuwa la mfuko wake tu. Mwenye fedha alilala karibu na uwanja wa San Marco. Mwenye kubana matumizi alivuka daraja akalala Mestre, upande wa bara, kisha asubuhi akarudi mjini kwa treni au basi.

Leo swali hilo limekuwa la kisiasa. Mahali anapolala mgeni ndipo panapoamua kama atatozwa ada ya kuingia mjini, kama ataushuhudia mji ukiwa tulivu au ukiwa umefurika watu, na kama fedha zake zitamsaidia mkazi kubaki au zitaharakisha kuhama kwake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Venice inaonesha yanayotokea pale mgeni anapokuja kila siku ilhali mwenyeji amekwisha kuondoka.

Takwimu zinajieleza. Mwaka 1951 mji huo wa visiwani ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka chini ya 50,000 kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata, hesabu za vikundi vya wakazi zilionesha kuwa vitanda vya wageni vimeizidi idadi ya wenyeji. Tangu mwaka 2008, duka moja la dawa katika uwanja wa San Bartolomeo, hatua chache kutoka daraja la Rialto, limekuwa na kibao cha kielektroniki dirishani kinachohesabu wakazi waliosalia.

Hapana shaka sababu za kuhama ni nyingi. Nyumba za kale ni ghali kuzikarabati, kila mzigo hufika kwa boti, na ajira nyingi zisizo za utalii zimehamia bara. Hata hivyo, mwenye nyumba akigundua kwamba mgeni wa siku tatu humlipa karibu sawa na mpangaji wa mwezi mzima, mpangaji hana njia ya kushindana. Duka la mboga nalo hufuata mkondo huo huo na kugeuka duka la vinyago.

Uamuzi wa mwaka 2017

Ili kuelewa kwa nini wageni wengi hujikuta wamelala bara, ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 2017. Mwaka huo Halmashauri ya mji iliamua kuzuia hoteli mpya katika eneo la kale, kwa nia ya kulinda makazi.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbili. Kwanza, wawekezaji walivuka daraja. Karibu na stesheni ya treni ya Mestre yakasimama majengo makubwa ya hoteli yenye vitanda vingi na bei nafuu. Pili, marufuku hiyo iliwalenga wenye hoteli huku nyumba za kupangisha kwa siku chache kupitia intaneti zikiendelea kuongezeka ndani ya mji wenyewe. Mwaka 2022 Bunge la Italia liliipa Venice mamlaka ya kipekee ya kuweka kikomo kwa nyumba hizo, lakini kuwa na mamlaka ni jambo moja na kuyatumia ni jambo jingine.

Hivyo sera iliyokusudiwa kumlinda mkazi ilizalisha mgeni wa aina mpya. Huyu hulala bara, huingia saa nne asubuhi, hutembea hadi jioni, hununua chupa ya maji na kipande cha piza, kisha huondoka. Takataka zake hubaki visiwani, lakini fedha ya chumba chake haikuufikia mji wa kale.

Si busara kumlaumu mgeni huyo. Tofauti ya bei ni kubwa, na safari ya treni kutoka Mestre hadi stesheni ya Santa Lucia huchukua dakika kama kumi tu. Lakini njia hiyo fupi nayo imewahi kugharimu roho za watu. Mnamo Oktoba 3, 2023, basi lililokuwa likiwarudisha watalii kutoka mji wa kale kwenda kwenye kambi yao ya bara lilianguka kutoka juu ya daraja la barabara huko Mestre, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mjadala uliofuata ulihusu kingo za daraja na hali ya gari. Ulikumbusha pia ni wageni wangapi husafirishwa kila siku kati ya kitanda na mji waliokuja kuuona.

Ada ya mlangoni

Aprili 25, 2024, Venice ikawa mji mkubwa wa kwanza duniani kuwatoza watalii wa siku moja ada ya kuingia. Ada ilikuwa Euro 5, kwa siku 29 zilizoteuliwa, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Watu wapatao 485,000 walilipa, na mji ukakusanya takriban Euro milioni 2.4. Mwaka 2025 siku ziliongezwa hadi 54, na aliyechelewa kujiandikisha alitozwa Euro 10. Waliolipa walizidi 720,000.

Hapa ndipo uchaguzi wa hoteli unapoingia. Anayelala ndani ya mipaka ya manispaa ya Venice hatozwi ada hiyo, kwa kuwa tayari hulipa kodi ya malazi kwa kila usiku. Anatakiwa tu kujiandikisha na kupata uthibitisho wa msamaha. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba Mestre nayo imo ndani ya manispaa hiyo, kwa hiyo anayelala huko husamehewa pia. Lakini anayelala Padova au katika fukwe za Jesolo yuko nje ya mipaka, na hulipa kama mgeni wa siku moja.

Wapinzani wa ada hiyo walihoji kama Euro 5 zinaweza kumzuia mtu aliyekwisha kulipa nauli ya ndege. Swali hilo lina uzito. Mji haukuweka kikomo cha watu wanaoweza kuingia kwa siku. Uliweka bei tu, tena ndogo kuliko tiketi moja ya boti ya abiria, ambayo kwa mgeni imekuwa Euro 9.50 kwa dakika 75. Wanaoitetea hujibu kwamba faida yake kubwa ni kuujulisha mji mapema ni watu wangapi wanakuja.

Mahali pazuri ni wapi?

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, uamuzi huu hufanyika mapema kuliko kwa Mjerumani au Mfaransa. Mwombaji wa viza ya Schengen, ambayo ada yake ilipanda hadi Euro 90 mwezi Juni 2024, hutakiwa kuonesha ushahidi wa mahali atakapolala. Anachagua kitanda katika mji asioujua, kwa kutazama picha na ramani, na akikosea gharama ya kubadili ni kubwa.

Kosa la kwanza ni kuliamini neno "Venice" katika tangazo. Kwa kuwa manispaa ni moja, hoteli ya Mestre au Marghera haisemi uongo inapoandika jina hilo. Dalili ya kweli ni anwani. Mji wa kale una mitaa mikuu 6: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Nyumba huhesabiwa kwa mtaa mzima wala si kwa barabara, ndiyo maana namba za milango huvuka 1,000. Anwani isiyotaja mmoja wa mitaa hiyo huenda ni ya kisiwa kingine au ya bara, na namba za posta za Mestre huanza na 3017.

Kosa la pili ni kudhani kwamba palipo karibu zaidi na uwanja wa San Marco ndipo pazuri zaidi. Uwanja huo ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa za mji. Mnamo Novemba 12, 2019, maji ya bamvua yalifikia sentimeta 187, kiwango kilichozidiwa na kile cha mwaka 1966 pekee. Tangu Oktoba 2020 malango ya chuma ya mradi wa MOSE huinuliwa kuizuia bahari inapotabiriwa kufika sentimeta 110, na mji umeokolewa mara nyingi. Lakini bamvua ndogo kuliko hiyo haiyainui malango, na bado inaweza kuulowesha uwanja huo.

Kosa la tatu ni kusahau mizigo. Magari hukomea Piazzale Roma na treni hukomea Santa Lucia. Kuanzia hapo ni miguu au boti, katika mji wenye madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa ya ngazi. Hoteli iliyo umbali wa dakika 12 kwa mujibu wa ramani huweza kuwa safari ya nusu saa kwa mzee mwenye sanduku. Daraja moja dogo kati ya kituo cha boti na mlango wa hoteli lina maana kuliko nyota za hoteli hiyo.

Kwa vigezo hivyo, upande wa kaskazini wa Cannaregio, sehemu za Castello zilizo mbali na uwanja mkuu, na Dorsoduro yenye vyuo vikuu vyake, humfaa mgeni wa kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Huko bado kuna shule, maduka ya mikate na kamba za nguo zilizoanikwa. Wageni wa siku moja wakishaondoka jioni, ndipo mji huonekana. Aliyelala bara huukosa wakati huo, isipokuwa akiwa tayari kurudi usiku kwa basi au treni.

Iwapo mgeni ataamua kuchukua nyumba badala ya hoteli, lipo jambo moja la kuulizia. Tangu Januari 2025 kila malazi ya wageni nchini Italia, hata chumba kimoja cha kupangisha, hutakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya taifa, nayo ioneshwe katika tangazo. Tangazo lisilo na namba hiyo ni la kuepukwa, kwa usalama wa mgeni na kwa haki ya mwenyeji.

Si Venice pekee

Miji mingine ya kale imekwisha kusoma alama za nyakati. Florence ilipiga marufuku nyumba mpya za kupangisha wageni katika eneo lake la urithi mwaka 2023. Mwaka 2024 Amsterdam iliamua kwamba hoteli mpya itaruhusiwa tu pale nyingine inapofungwa, na Barcelona ikatangaza kuwa haitahuisha leseni za nyumba za watalii 10,101 zitakapokwisha Novemba 2028.

Mjadala huu si mgeni Afrika Mashariki. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nao umeyaona majumba ya familia yakigeuka hoteli.

Tofauti ya Venice ni kwamba imefika mbali zaidi, na wanaoiamulia wengi hawaishi visiwani. Manispaa nzima ina watu takriban 250,000, na wengi wao ni wa bara. Kura ya maoni ya Desemba 2019 ya kutenganisha visiwa na bara ilikwama kwa sababu waliojitokeza hawakufika hata robo ya wapiga kura. Mwaka 2021 na tena mwaka 2023, wataalamu wa UNESCO walipendekeza mji huo uwekwe katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mara zote mbili kamati ilikataa.

Ada ya Euro 5 haitamrudisha mkazi aliyehama, wala marufuku ya hoteli haitoshi ikiwa nyumba za jirani ziko huru kugeuzwa hoteli kwa jina jingine. Kinachohitajika ni kikomo cha nyumba za kupangisha wageni, pamoja na nyumba za bei nafuu kwa wanaofanya kazi katika hoteli hizo hizo. Mpaka hapo, mgeni anayelala usiku tatu katika hoteli iliyosajiliwa, akanunua mkate katika mtaa unaoishi watu, anaufaa mji kuliko watatu wanaopita kwa saa sita kila mmoja.