Ukurasa wa kwanza wa Google hauuzwi laki tatu

JICHO LA MTANDAO
Na Rehema Kilindo

Katika makundi ya WhatsApp ya wanablogu kuna tangazo linalojirudia kwa sura mbalimbali: lipa laki tatu, blogu yako itokee ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya siku saba. Ukisitasita, bei inashuka hadi laki na nusu. Vijana wanaoanza kuandika, ambao hata bando la mwezi wanalinunua kwa kujibana, wanatuma hela. Siku ya nane muuzaji hapokei simu.

Nafasi hiyo haiuzwi. Google inauza matangazo, na matangazo hayo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa yamelipiwa. Matokeo ya kawaida hayana bei. Kampuni yenyewe imeandika katika miongozo yake kwamba haipokei malipo ili kuipandisha tovuti, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza. Miongozo hiyo iko wazi kwa kila mtu, bure. Anayekuuzia siri, kama kweli ana chochote mkononi, amekichota humo humo.

Kazi ya kuifanya blogu ionekane watu wanapotafuta jambo mtandaoni, ambayo wenyewe wanaiita SEO, haina uchawi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti methali hiyo ina nusu ya ukweli, maana chema hujiuza baada ya kuonekana, na kuonekana kuna taratibu zake. Enzi za wanablogu kina Ndesanjo Macha na Issa Michuzi, katikati ya miaka ya 2000, blogu za Kiswahili zilikuwa za kuhesabika na msomaji aliifuata blogu kwa jina la mwenyewe. Leo msomaji hakujui. Ana swali lake, analiandika kwenye simu, na anafungua kinachomjia juu.

Kinachomjia juu kinatoka wapi? Google haizunguki intaneti nzima pale unapobonyeza kitufe. Roboti zake hupita mapema, zikiruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata linki, zinasoma, kisha zinaweka kumbukumbu katika faharasa kubwa. Unapouliza, jibu linatafutwa kwenye faharasa hiyo. Kwa hiyo kabla hujalalamika kwamba blogu yako haipandi, hakikisha imo. Andika kwenye Google neno site, weka nukta mbili, kisha anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Kama hakitokei kitu, roboti pengine hazijakufikia, au umezifungia mlango mwenyewe bila kujua. WordPress ina kisanduku kidogo kwenye mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Blogger nayo ina swichi ya namna hiyo kwenye sehemu ya faragha. Iangalie ile inayokuhusu kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Ukishaingia, unapangwaje? Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, walikuja na wazo walilolitoa kwenye desturi ya wanazuoni ya kutajana katika maandiko yao: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine, hasa zenye heshima, huenda una thamani. Mtaani ukitaka fundi cherehani, huangalii ukubwa wa kibao chake. Unauliza, na jina linalotajwa na watu watatu wasiojuana ndilo unaloliamini. Leo Google inapima mambo mengi zaidi ya hayo, lakini linki bado zina uzito.

Na hapo ndipo ujanja ulipoingia. Watu wakaanza kununua linki, kubadilishana linki, kufungua blogu ishirini zinazosifiana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maduka ya J.C. Penney ya Marekani yalikuwa yakiongoza kwenye utafutaji wa kila aina ya bidhaa, kuanzia magauni hadi mazulia, kwa nguvu ya maelfu ya linki zilizotapakaa kwenye tovuti zisizohusiana na biashara yake. Google ikaishusha. Miaka mitano kabla ya hapo, Februari 2006, iliiondoa kabisa tovuti ya BMW ya Ujerumani. Roboti zilikuwa zikiwekewa kurasa zilizojaa maneno kuhusu magari yaliyotumika, huku mtu akibonyeza anapelekwa kwenye ukurasa mwingine. BMW ilifuta kurasa hizo na ikarudishwa. Blogu ya kijana wa Mbagala ikikutwa na madudu kama hayo, sidhani kama kuna atakayeshughulika kuirudisha upesi hivyo. Mwaka 2012 ikaja programu iliyoitwa Penguin, mahsusi kwa linki za magendo. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia linki elfu moja kwa elfu hamsini, jua unanunua matatizo.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote kwa mwandishi wa Kiswahili: maneno ambayo watu wanayaandika kweli kwenye kisanduku cha kutafutia.

Mwandishi wetu akishika mada ya kilimo cha viazi, kichwa chake ni "Zao lenye neema kwa mkulima mdogo". Kinapendeza. Ila hakuna mkulima wa Njombe anayeandika hivyo kwenye simu yake. Anaandika "jinsi ya kulima viazi mviringo", au "mbolea ya viazi", au "bei ya mbegu za viazi". Lawama hapa ni yetu sisi wa magazeti, tuliowaambukiza vijana tabia hii. Kichwa cha gazeti kina picha pembeni, kina kichwa kidogo chini yake, na msomaji ameshanunua. Kwenye Google kichwa kimesimama peke yake kati ya vingine tisa, na msomaji hana deni na wewe. "HIVI PUNDE" haimwambii kitu. "Utashangaa alichokifanya" ndiyo mbaya zaidi.

Kuyajua maneno ya watu hakugharimu chochote. Anza kuandika "jinsi ya kulima" kwenye Google, usimalizie, uone inavyokupendekezea. Mapendekezo hayo yanatokana na utafutaji wa watu halisi. Shuka chini ya ukurasa, mara nyingi utakuta utafutaji mwingine unaofanana. Kisha ingia Google Trends, ambayo pia ni bure, ulinganishe maneno mawili kwa nchi. Kiswahili chetu ni kipana: anayesema viazi mviringo bara, Zanzibar anasema mbatata, wengine wanasema viazi ulaya, na Mkenya anaweza kutafuta waru. Chagua neno la msomaji unayemlenga, liweke kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, hayo mengine yatajwe mahali yanapoingia yenyewe. Usije ukaandika "viazi mviringo" mara arobaini katika aya tano. Ujanja huo ulikufa zamani, na kwanza unachosha kusoma. Vilevile usihangaike na ule mstari wa siri wa maneno muhimu ambao walimu wa YouTube bado wanaufundisha. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiutazami.

Ukishapata maneno, swali linalofuata ni ugomvi upi wa kuingia. Hapa naomba niseme na wale wenye blogu za matokeo.

Kila Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapokaribia kutangaza matokeo ya kidato cha nne au darasa la saba, blogu lukuki zinatayarisha ukurasa wenye kichwa cha matokeo. Ukifungua, ndani hakuna matokeo. Kuna aya nne zinazoeleza NECTA ni nini, kana kwamba mzazi mwenye mtoto aliyefanya mtihani hajui, halafu matangazo, halafu linki ya tovuti ya NECTA yenyewe. Mzazi amekula bando lake, amekasirika, ameondoka. Kesho hatakumbuka hata jina la blogu. Na Google ikiwa na tovuti ya baraza lenyewe, ina sababu gani ya kukutanguliza wewe? Unaweza kuambulia wageni wa siku mbili, kisha ukimya wa mwaka mzima.

Lakini mzazi huyo huyo, matokeo yakishatoka, ana maswali mengine ambayo hayana majibu mazuri kwa Kiswahili. Mtoto mwenye alama hizi anaweza kuchukua tahasusi gani? Akikosa kidato cha tano, chuo cha ufundi anaomba vipi? Cheti kikipotea, unaanzia wapi? Mwalimu aliyekaa na wanafunzi kwa miaka, akiandika ukurasa mmoja wa uhakika kuhusu swali mojawapo kati ya hayo, atakuwa na washindani wachache mno. Wachache wanaotafuta jambo mahsusi, wakikupata na wakasaidika, ndio wanaorudi na ndio wanaowatumia wenzao linki. Fundi simu wa Kariakoo anajua kwa nini simu fulani inagoma kuchaji baada ya kuingia maji. Mfugaji wa kuku wa Kibaha anajua vifaranga hufa wiki gani na kwa nini. Nionyesheni blogu zao. Nikitafuta, mara nyingi naangukia tafsiri mbovu za makala za Wamarekani zinazonishauri kuhusu majira ya baridi kali.

Uzoefu huo una thamani hata kwa Google. Desemba 2022 iliongeza uzoefu wa mwandishi mwenyewe miongoni mwa mambo ambayo wakaguzi wake wa ubora huelekezwa kuyatazama, pamoja na utaalamu, heshima na kuaminika. Wakaguzi hawaupangi ukurasa wako moja kwa moja, ila maoni yao hutumika kupima kama mitambo inafanya kazi sawasawa. Kwa hiyo sema wewe ni nani. Weka ukurasa wa kujitambulisha wenye jina na kazi yako, na picha ulizopiga mwenyewe bandani kwako.

Kunakili je? Taarifa kwa vyombo vya habari inatoka wizarani saa nne, saa tano iko kwenye blogu thelathini, koma kwa koma. Google haina haja ya kuonyesha thelathini. Huchagua moja na nyingine huzifunika. Hujaadhibiwa, umekuwa huna unachoongeza tu. Ukiiweka taarifa hiyo, mpigie simu mtu mmoja inayemhusu, uandike alichosema. Na wanaotumia akili bandia kuzalisha makala mia kwa siku, wajue kwamba Machi 2024 Google iliweka sera dhidi ya kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi ili kuwinda nafasi, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu.

Mambo ya fundi nitayapitia haraka, kwa kuwa ni rahisi kuliko yanavyotangazwa. Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, na Google yenyewe hutumia sura ya simu ya tovuti yako inapokusoma, kwa hiyo ijaribu blogu yako kwenye simu ya bei nafuu, sehemu yenye mtandao dhaifu. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti tano, ipunguze kabla ya kuipandisha, ipe jina la maana, na uandike maelezo yake mafupi, ambayo pia humsaidia msomaji asiyeona. Kichwa kisizidi sana herufi sitini, la sivyo kitakatwa. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa hayakupandishi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abonyeze. Anwani ya ukurasa irekebishe kabla ya kuchapisha, maana ukiibadilisha baadaye linki za watu zinaweza kukatika. Makala yako ya leo iiunganishe na ile ya mwezi jana inayohusiana nayo. Hiyo wengi wanaisahau.

Wapo watakaosema tumechelewa, kwamba watu wako TikTok, na kwamba tangu 2024 Google imeanza kutoa majibu ya akili bandia juu ya matokeo, mtu asihitaji kubonyeza popote. Hoja ya pili ina uzito. Ukurasa unaoeleza mji mkuu wa nchi fulani ni upi, au kilo moja ina gramu ngapi, hauna maisha tena. Ila mwenye vifaranga wanaokufa haridhiki na mistari mitatu. Kuhusu TikTok, sina ugomvi nayo, lakini video ya juzi imeshazama, wakati ukurasa mzuri wa namna ya kuomba cheti kilichopotea unaweza kuleta watu kwa miaka, mradi uwe unausahihisha taratibu zinapobadilika.

Kama kuna chombo kimoja cha kuanza nacho, ni Search Console ya Google. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi blogu yako ikajitokeza, mara ngapi ilijitokeza, mara ngapi ilibonyezwa, na uko nafasi ya ngapi. Tafuta kurasa zako zilizo nafasi ya nane hadi ya ishirini. Hizo ndizo za kuziongezea nyama kwanza, kabla ya kukimbilia kuandika mpya. Ni bure. Isajili blogu yako wiki hii, kisha kaa nayo angalau miezi sita kabla hujaamua kwamba Google inakuonea.