Mwanafunzi wa Saikolojia Aanze na Kitabu Gani?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa saikolojia huuliza swali lilelile: tusome kitabu gani? Wengi wao hulipata jibu steshenari kabla ya kufika maktaba. Mwanafunzi aliyepanga chumba Kizota hulipia kitini kilichorudufiwa, chenye fasili, majina ya wataalamu na maswali ya mitihani iliyopita. Simlaumu, kwa kuwa vitabu vinavyotoka Marekani na Uingereza ni ghali. Hata hivyo, uchaguzi huo una gharama, na wanaokuja kuilipa ni watu ambao hawajawahi kukanyaga darasa la saikolojia.

Tatizo linaanzia kwenye vitabu vyenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha uchambuzi wa majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani. Aligundua kuwa asilimia 68 ya watafitiwa walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Kitini kinapofupisha kitabu cha namna hiyo, jambo la kwanza kuachwa ni nani aliyechunguzwa. Mwanafunzi hubaki na kauli tupu kwamba "mtoto hufanya hivi" au "binadamu hufikiri vile", kana kwamba zilitolewa kuhusu watu wote.

Mfano uko karibu nasi. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alitembelea kaya 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyojenga uhusiano na mama zao. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Lakini vitabu vingi vya utangulizi hueleza kwa kirefu jaribio alilolifanya baadaye Baltimore, na Uganda huambulia mstari mmoja. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukariri aina za uhusiano wa mtoto na mlezi bila kujua kwamba uchunguzi huo ulianzia kwa jirani zake.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu, fungua sura moja uone kama kinataja waliochunguzwa, mahali na mwaka. Kisha tafuta jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971. Kitabu kinachosimulia kisa hicho bila kugusia ukosoaji mzito uliolikumba kimepitwa na wakati, hata kama jalada lake linang'aa. Katika sura ya magonjwa ya akili, angalia toleo la mwongozo wa utambuzi wa Marekani linalotumika. Toleo la tano lilitoka mwaka 2013 na matini yake ikarekebishwa mwaka 2022.

Asiye na fedha hajafungiwa mlango. Kitabu cha saikolojia cha OpenStax, ambacho toleo lake la pili ni la mwaka 2020, hupakuliwa bure. Leseni yake inaruhusu kukirudufu na hata kukitafsiri, mradi chanzo kitajwe. Mifano yake mingi ni ya Kimarekani, hivyo kisomwe sambamba na kazi ya Bame Nsamenang wa Kamerun ya mwaka 1992 kuhusu makuzi ya binadamu katika muktadha wa utamaduni.

Vipi kuhusu vitini na mitihani iliyopita? Saikolojia yenyewe imekwisha kujibu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionesha kuwa, baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walihifadhi zaidi kuliko waliorudia kukisoma. Basi mwongozo wenye manufaa ni ule unaouliza maswali ukiwa umefunika kitabu. Unaokupa majibu ya kukariri unakunyima zoezi lenyewe.

Haya si mambo ya mtihani tu. Wahitimu wetu watakuwa walimu washauri na maafisa ustawi wa jamii, na wengine watahudumu katika hospitali ya Mirembe hapa Dodoma. Siku moja mama atakaa mbele yao na kusema mwanawe "anawaza sana". Aliyelelewa na kitini atatafuta kisanduku cha kumtia mtoto huyo. Aliyezoea kuuliza "nani alichunguzwa?" atamsikiliza mama kwanza.

Wajibu huu si wa wanafunzi peke yao. Sisi wahadhiri tutoe orodha za usomaji zinazotaja matoleo, tena tuzipitie kila mwaka. Nanyi mnaopanga bajeti za maktaba za umma, nakala chache za kitabu huria zilizochapwa na kujalidiwa vizuri zitawafaa wanafunzi wengi kuliko rafu iliyojaa matoleo ya zamani. Tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hicho nayo inawezekana: leseni ipo, na wataalamu wa lugha na wa saikolojia wamo vyuoni mwetu.