Jicho Peke Yake Halitoshi



Juzi, baada ya darasa la alasiri hapa Kaliua, ndege ilipita juu sana, na watoto wote wa chuo wakainua vichwa. Mmoja akaniuliza: "Maalim, mbingu ni pana namna hii, yawezekanaje ndege mbili zigongane?" Kabla sijafungua kinywa mwenziwe akamjibu: "Marubani hawakutazama." Jibu hilo hutolewa hata na watu wazima. Nimeona nilizungumze katika ukurasa huu, kwa kuwa silo la kweli, na tena lawadhulumu waliokufa.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikienda Diani, ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Punde si punde ikagongana na ndege ndogo ya mafunzo, aina ya Cessna. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Ile ndogo ilianguka katika mbuga ya wanyama ya Nairobi, na watu wawili waliokuwamo wakafa.

Aghalabu msiba huwa mzito zaidi ndege ya abiria ikutanapo na ya jeshi, maana ya jeshi huwa na kazi zake na njia zake. Ijumaa ya tarehe 1 Februari 1963, katika mwezi wa Ramadhani, ndege aina ya Viscount ya shirika la Middle East Airlines la Lebanon ilikuwa ikitoka Nicosia, kisiwani Saiprasi, ikikaribia kutua Ankara, Uturuki. Ndege ya jeshi la Uturuki, aina ya C-47, nayo ilikuwa angani kwa mazoezi. Zikagongana juu ya mji, mchana, wala si usiku, na vipande vyake vikaangukia mtaa wa Ulus uliojaa watu. Waliokuwa ndani ya ndege hizo walikufa wote 17. Waliokufa chini ni 87, watu waliotoka majumbani kwa haja zao, wasiopanda ndege yoyote siku ile.

Basi je, hawakutazama? Sikilizeni. Jicho la mwanadamu hukamata upesi kitu kinachosogea. Kuku akivuka njia, wamwona hata kwa pembe ya jicho. Lakini vyombo viwili vikienda kwa mwendo usiobadilika kuelekea mahali pamoja, kila kimoja huonekana kwa mwenziwe kana kwamba kimesimama pale pale. Hakiendi kushoto wala kulia. Ni nukta tu, kama inzi aliyetua kwenye kioo. Nukta hiyo hukua polepole, kisha katika sekunde chache za mwisho huwa kubwa ghafula, na hapo muda wa kugeuza chombo umekwisha. Fauka ya hayo, bawa huziba upande, pua ya ndege huziba chini, na nyuma rubani hana jicho.

Marekani walifunzwa jambo hili kwa damu. Tarehe 21 Aprili 1958, karibu na Las Vegas, ndege ya abiria ya shirika la United iligongana na ndege ya kivita ya mazoezi, wakafa watu 49. Ndege ya abiria ilikuwa na waongozaji wake, na ya jeshi ilikuwa na wake. Hawa hawakuwa na habari za wale. Mbingu moja ilikuwa na wasimamizi wawili wasiosemezana. Mwezi uliofuata ajali nyingine ya namna hiyo ikaua watu 12, na kabla ya mwaka kwisha ikapitishwa sheria ya kuunda idara moja ya kusimamia anga.

Hata hivyo, mwanadamu ni msahaulifu. Tarehe 29 Januari 2025, usiku, ndege ya abiria itokayo Wichita ilikuwa ikitua Washington, na helikopta ya jeshi ikipita juu ya mto Potomac. Mwongozaji aliwauliza askari kama wameiona ndege ile. Wakajibu kwamba wameiona, na wakaomba wajiepushe nayo wenyewe kwa macho. Zikagongana, wakafa watu wote 67. Ndege kubwa huwa na chombo kinachomtahadharisha rubani, lakini ikiwa chini karibu na ardhi chombo hicho huonya tu, hakitoi amri ya kupanda wala kushuka. Wachunguzi walipopitia kumbukumbu za uwanja ule, walikuta kwamba tangu Oktoba 2021 hadi Desemba 2024 ndege na helikopta zilikaribiana mno mara 85, chini ya futi 1,500 kwa upana na futi 200 kwa kimo. Maonyo 85 yaliandikwa, na njia haikubadilishwa.

Wako wasemao, "Siku ikifika imefika." Kweli, siku ya mtu i kwa Mola wake, lakini kadari haikuwekwa iwe pazia la uzembe. Aliyekuwa na daftari lile hawezi kusema hakuonywa.

Sisi watu wa Kaliua mfano tunao mlangoni petu. Hapa ndipo reli ya Mpanda inapoachana na ile iendayo Kigoma, na njia ni moja tu. Dereva wa gari moshi aweza kuona reli tupu mbele yake mpaka upeo wa macho, naye asiondoke hadi apewe ruhusa kwamba njia i wazi. Abiria hunung'unika: "Mbona tumekaa?" Kukaa huko ndiko kunakowafikisha.

Kwa hiyo, vijana wangu, mtu akikuuliza, "Umeona?" usifanye haraka kujibu. Neno "nimeona" ni ushahidi, na huenda wengine wakaweka roho zao juu yake. Nanyi wazazi, mtoto mliyemtuma kutazama kama moto umezimwa jikoni, akisema ameona, mrudisheni akahakikishe, wala asikasirike. Na yule mwanafunzi wangu nilimjibu hivi: walitazama, mwanangu, lakini jicho peke yake halitoshi.

Wassalaam.