Roboti inayogeuka motokari, na franga zilizoinunua

Juma hili kona yetu inajibu swali moja tu, kwa sababu linagusa nyumba nyingi za Kolwezi, upande wa Dilala na upande wa Manika.

Mama mmoja wa chama ametuuliza hivi: "Mtoto wangu wa kiume ana miaka 12. Anakusanya roboti za kuchezea, zile zinazogeuka motokari au ndege. Sasa anazo sita. Akikutana na rafiki zake wanazizungumza kutwa nzima, kwa majina nisiyoyafahamu. Baba yake anataka nizitupe zote. Lakini kilichonitisha si roboti zenyewe. Nimekuta ya saba chini ya kitanda, na sisi wazazi hatukumpa franga. Nilipomuuliza sana, akasema Jumamosi mbili alifuata wenzake kuosha mawe ya madini. Nifanye nini?"

Mama mwenzetu, hayo ni mambo mawili, na yafaa tuyatenganishe. Moja ni mchezo, la pili ni franga. Tukiyachanganya, tutamchapa mtoto kwa ajili ya mchezo usio na ubaya, na hatari yenyewe itabaki palepale.

Tuanze na mchezo.

Roboti hizi asili yake ni Japani. Mwaka 1972 televisheni ya huko ilianza kuonyesha filamu ya michoro iitwayo Mazinger Z, iliyotungwa na Go Nagai. Ni hadithi ya roboti kubwa sana, inayoendeshwa na kijana anayekaa kichwani mwake. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ikatengeneza roboti hiyo ndogo, ya metali nzito, na watoto wakaipenda mno. Roboti nyingine ya Nagai, ya mwaka 1975, ilifika televisheni ya Ufaransa mwaka 1978 kwa jina la Goldorak.

Baadaye wakaja wale wa kugeuza. Mwaka 1980 kampuni ya Takara ilianza kutoa roboti za aina ya Diaclone, na kati yake zikatoka motokari zinazosimama kwa miguu miwili. Mwaka 1982 filamu ya Macross ilionyesha ndege ya vita inayogeuka roboti, kazi ya mchoraji Shoji Kawamori. Mwaka 1984 kampuni ya Marekani, Hasbro, ilichukua roboti za Takara na kuziuza ulimwenguni kwa jina moja: Transformers. Mtoto akikutajia Optimus Prime, anasema juu ya lori jekundu. Akisema Bumblebee, ni ile ndogo ya manjano.

Kwa hiyo majina unayoyasikia si ya mapepo. Ni majina ya watu wa hadithi na ya bidhaa za kiwanda. Tunalisema hili wazi kwa sababu kwetu mtoto anayesema peke yake na kitu chake huweza kushukiwa vibaya. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi.

Sasa, mama, fanya jambo moja jioni hii. Keti karibu naye na umwambie: nionyeshe namna inavyogeuka. Utaona kifuniko cha injini kinakuwa kifua, milango inakuwa mabega au mabawa, magurudumu yanajificha miguuni. Kila kipande kina kazi mbili. Mtu aliyeichora alipaswa kufikiri motokari na mtu kwa wakati mmoja, na kuweka kila kiungo mahali ambapo hakitazuia kingine.

Wasikilize pia wanapobishana. Mara nyingi wanabishana hivi: je, roboti nzuri ni ile inayogeuka bila kuondoa kitu, au ile ambayo mikono na kichwa vinachomolewa na kuchomekwa tena? Ile ya kwanza ni ngumu kuibuni. Ile ya pili ni rahisi, lakini mikono inapotea na mchezo unakwisha. Hiyo si porojo. Ni hesabu ya viungo, na ndiyo injinia huanza nayo. Kukusanya nako kunafundisha: kutunza karatasi ya maelezo, kuhesabu vipande vidogo, kutambua kilicho imara na kilicho cha kuiga, kubadilishana na mwenzako bila kumdanganya.

Kuna jambo jingine la kumweleza mtoto wa Kolwezi. Zile roboti nzito za zamani zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni zinki, pamoja na aluminium kidogo. Unayeyushwa na kumiminwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Na zinki si mgeni kwetu. Iliyochimbwa Kipushi ilisafishwa hapahapa Kolwezi, katika kiwanda ambacho wazee wetu wanakikumbuka kwa jina la UZK. Mgodi wa Kipushi ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Wakusanyaji wa roboti za zamani wanajua ugonjwa mmoja wa metali hii: zinki ikiwa imechanganyika na risasi hata kidogo, baada ya miaka kitu kinavimba, kinapasuka na kuvunjika vipandevipande. Mtoto aelewe basi kwamba kazi ya kusafisha madini ndiyo inayoamua kama roboti itadumu. Nasi hapa tumezoea kuona mawe yakiondoka na lori. Ni vizuri mtoto wetu afikiri pia juu ya kinachofanyika baada ya lori.

Usidhani mawazo hayo ni ya Wajapani peke yao. Mwaka 2013, Kinshasa, roboti kubwa za aluminium ziliwekwa kwenye njia panda ili kuongoza motokari. Ziligeuza kifua, ziliinua mikono, zilikuwa na taa nyekundu na ya kijani, zilitumia nguvu ya jua. Zilitengenezwa na chama cha wanawake wainjinia kiitwacho Wotech, chini ya uongozi wa Mama Thérèse Izay Kirongozi. Chama cha wanawake, kama hiki chetu. Basi msiwafukuze mabinti wakitaka kugeuza roboti za kaka zao.

Mchezo huu una hatari zake ndogo, na mama azijue. Roboti zenye taa au sauti mara nyingi hutumia betri ndogo bapa, mviringo kama kifungo cha shati. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili. Usimtapishe mtoto, usingoje kesho, mpeleke hospitali palepale. Angalia kama mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Vipande vidogo na sumaku visikae karibu na mtoto mchanga. Na roboti ya bei ya chini ambayo rangi yake inabanduka mikononi, usiinunue.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza. Jawabu letu juu yake ni hili: usizitupe. Umwombe bwana wako ajaribu kugeuza moja mwenyewe mbele ya mtoto. Huenda ikamchukua muda mrefu kuliko anavyofikiri, na mtoto atafurahi kumwelekeza baba yake.

Sasa jambo la pili, lililo zito.

Mtoto wa miaka 12 hana kazi kwenye mawe. Sheria hiyohiyo ya 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumtia katika kazi zenye hatari. Sisi hapa hatuhitaji kusomewa sheria ili tujue. Tunajua mashimo yanayoporomoka. Tunajua vumbi linalokaa kifuani. Tunajua watoto wanaosimama ndani ya maji tangu asubuhi, kama pale ziwa Malo karibu na Kapata, na magunia yanayozidi uzito wa mgongo wao. Na mtoto anayekwenda kuosha kwa siku moja, akirudi na franga mkononi, mara nyingi Jumamosi inayofuata atakwenda tena. Leo ni roboti. Kesho ni simu. Kesho kutwa hataona tena sababu ya kukaa darasani.

Tuseme ukweli wote. Ziko nyumba kwetu ambamo franga za mawe hazinunui roboti. Zinanunua unga. Na wako wamama kati yetu wanaoosha mawe wenyewe ili watoto wasome. Hatuwahukumu. Masista wa Bon Pasteur, ambao wako Kolwezi tangu mwaka 2012, wamewapokea watoto wengi waliotoka migodini na kuwarudisha darasani, na wamefundisha wamama kazi nyingine za kuleta chakula. Mama ambaye shida yake ni njaa asione aibu kubisha mlango wao, wala kulisema katika mkutano wetu.

Lakini mama aliyetuuliza, kwako shida si unga. Kwako mtoto amejifunza kwamba kitu anachokipenda kinapatikana kwa njia ya siri. Basi tunakushauri hivi.

Kwanza, umshukuru kwa kusema ukweli. Ukimchapa sasa, mara ya pili hatasema.

Pili, roboti ya saba usiitupe wala usimwachie. Iweke juu ya kabati, mahali anapoiona. Mwambie: hii ilinunuliwa na hatari, itakaa hapo hadi buleteni ya masomo ya muhula huu. Ikiwa Jumamosi zote tutajua mahali ulipo, utaipata. Na wewe ushike neno lako. Siku ikifika, mpe.

Tatu, umuulize kwa upole nani aliwaongoza, na nani alinunua mawe yao. Kisha uwatafute wamama wa wale rafiki zake. Mama mmoja akifunga mlango na wengine wakiacha wazi, watoto watapita kwa jirani.

Nne, weka njia ya wazi ya kupata roboti. Kwa mfano, moja kwa muhula, akileta buleteni nzuri, kwa bei mnayoiweza. Kati ya hapo, abadilishane na wenzake. Mabadilishano yafanyike mbele ya mzazi, ili mdogo asidhulumiwe na mkubwa. Na masomo ya nyumbani yatangulie mchezo, kila siku.

Tano, mpe kazi ya kutengeneza yake. Watoto wa nchi yetu ya shaba wamejua tangu zamani kuunda motokari za waya na mikebe, zenye usukani mrefu wa kusukumia. Sasa ajaribu hatua inayofuata: karatoni ngumu kwa mwili, vifuniko vya chupa kwa magurudumu, vipande vya kitambaa vilivyogundishwa ili viwe bawaba, na waya mwembamba kwa viungo. Aanze kwa kuchora motokari, kisha achore mtu kwa kutumia vipande vilevile, ndipo akate. Ya kwanza haitageuka vizuri. Ya tatu itageuka. Mtoto aliyeunda yake mwenyewe huiona kuwa na thamani kuliko ile ya duka.

La mwisho linatuhusu sote. Watoto hawa walikwenda kwenye mawe siku ya Jumamosi kwa sababu siku hiyo tuko sokoni, shambani au kwenye matanga. Wako pamoja, wana hamu, hawana mahali. Tunapendekeza katika kila kartie mama mmoja afungue uwanja wake Jumamosi. Watoto walete roboti zao, za duka na za karatoni, wazigeuze, wabishane, wabadilishane. Mama mwingine alete uji. Wiki inayofuata uwe uwanja wa mwingine. Hakuna franga nyingi zinazohitajika. Anayekubali kuanza aandikishe jina lake kwa mwandishi wa chama katika mkutano ujao.

Na leo jioni, kabla watoto hawajalala, kila mama amuulize mtoto wake swali hili moja: Jumamosi hii utakuwa wapi, na nani?